Arudhi ya Tarakilishi: Lugha ya Kanuni na Utoaji wa Alama katika Kozi ya Kwanza ya Uandishi wa Programu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kanuni za tamrini na utaratibu wa kutoa alama katika kozi ya kwanza ya uandishi wa programu za tarakilishi chuoni. Tunazitazama kanuni hizo kama matini, na kuzilinganisha na arudhi ya ushairi wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya migogoro inayohusu alama haitokani na udanganyifu wala uzembe. Inatokana na maagizo yasiyoeleza waziwazi kinachotakiwa, kinachoruhusiwa na kinachokatazwa. Tunatumia tamrini moja, ya kuhesabu mizani ya neno la Kiswahili, kuonyesha jinsi mashine inavyoweza kumnyima alama anayestahili na kumtuza asiyestahili. Mwishoni tunapendekeza kanuni saba zilizoandikwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana lipi la kusema kuhusu kozi ya tarakilishi? Jibu ni kwamba kila kozi huendeshwa kwa lugha. Kabla mwanafunzi hajaandika mstari wa kwanza wa programu yake, husoma karatasi ya maagizo. Baada ya kuiwasilisha, husoma alama na maelezo ya msahihishaji. Katika ncha zote mbili ni lugha inayoamua hatima yake.

Kilichochochea makala haya ni mjadala wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi mtaani Mbotela, Nairobi. Wawili kati yao walipata sufuri kwa kuwa programu zao zilifanana. Karatasi ya maagizo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema tu kwamba kila mmoja awasilishe kazi yake mwenyewe. Wao walishikilia kwamba kila mmoja aliandika yake, ila walielezana njia. Hatukusudii kuamua nani alikuwa na haki, wala chuo chao hakihusiki hapa. Swali letu ni hili: je, neno "yako mwenyewe" linatosha kuwa sheria?

Mbotela ni miongoni mwa mitaa ya Eastlands iliyo kando ya Barabara ya Jogoo. Jina lake ni la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Babake, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Mwanafunzi wa Kiswahili basi si mgeni kamili katika mtaa huo, kwa kuwa jina lake limo katika historia ya nathari yetu.

Uzito wa suala hili unaonekana katika hesabu. Utaratibu uliozoeleka katika vyuo vikuu vingi vya umma nchini Kenya ni kwamba kazi za muhula huchukua alama 30 na mtihani wa mwisho alama 70. Tuchukulie kwamba tamrini moja ina alama 10 katika zile 30. Mwanafunzi aliyepata 16 kati ya 20 zilizosalia na 40 kati ya 70 za mtihani atakuwa na 56 iwapo tamrini hiyo itapewa sufuri. Angalipata 8 katika tamrini hiyo, angalikuwa na 64. Tofauti ya 56 na 64 ni tofauti ya C na B, na matokeo ya aina hiyo yakikusanyika huamua daraja la shahada. Agizo lisiloeleweka lina gharama, na anayeilipa ni mwanafunzi.

2.0 Programu kama utungo wenye arudhi

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kilikuwa nguzo ya wale walioshikilia kwamba utungo usiozingatia vina na mizani si shairi. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mgogoro baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ukapamba moto. Mgogoro huo una funzo kwa mada yetu: unatuhimiza kutenganisha sheria za umbo na ubora wa utungo. Shairi laweza kutimiza mizani 16 katika kila mshororo na bado likawa butu. Laweza pia kuvunja mizani na likamtikisa msomaji.

Katika programu, sheria za umbo ni kali kuliko arudhi yoyote. Ukisahau alama moja ya uakifishaji katika lugha kama C au Java, tarakilishi hukataa kazi nzima. Malenga mkali angekuambia ubeti wako una guni na angeendelea kukusikiliza, lakini tarakilishi haikusikilizi kabisa. Hata hivyo, kupita sarufi ya mashine ni mwanzo tu. Programu iliyokubaliwa na mashine inaweza kutoa jibu la uongo, na inayotoa jibu la kweli inaweza kuwa imeandikwa ovyo kiasi kwamba mwenzako hawezi kuielewa wala kuirekebisha.

Kwa sababu hiyo, walimu wengi wa kozi hii hugawa alama katika mafungu. La kwanza ni usahihi: je, programu inatoa majibu yanayotakiwa? La pili ni usanifu: je, tatizo limegawanywa vizuri, au mwandishi amerudia jambo lile lile mara kumi? La tatu ni usomekaji: majina, mpangilio wa mistari na maelezo ya kumsaidia msomaji. Mhakiki wa fasihi atayatambua mafungu haya mara moja, kwa kuwa yanakaribiana na maudhui, muundo na mtindo. Kasoro huja pale mwalimu anapotumia mafungu haya bila kuyataja mapema, au anapoyataja bila kusema kila fungu lina alama ngapi. Mwanafunzi hujikuta amehukumiwa kwa sheria ambayo hakusomewa.

3.0 Tamrini ya mizani: mashine inapokosea

Usahihishaji wa programu kwa mashine si jambo la jana. Mnamo 1960 Jack Hollingsworth, wa Rensselaer Polytechnic Institute huko Marekani, alieleza katika jarida la Communications of the ACM jinsi alivyotumia tarakilishi kusahihisha kazi za darasa la programu. Wakati huo wanafunzi waliandika kwenye kadi zilizotobolewa. Leo mwanafunzi hutuma faili kupitia mtandao, na baada ya sekunde chache huambiwa amepita majaribio mangapi. Faida yake ni dhahiri: darasa kubwa husahihishwa upesi, na mashine haina upendeleo wa jina, kabila wala sura. Lakini mashine hupima kile tu ilichoambiwa ipime.

Tutoe mfano wetu. Mwalimu anatoa tamrini hii: "Andika programu itakayopokea neno la Kiswahili na kutoa idadi ya mizani zake." Usahihi una alama 10. Mashine ina maneno matano ya majaribio, kila neno alama 2: kitabu, shairi, mwalimu, mtoto na nchi.

Mwanafunzi wa kwanza anafikiri hivi: silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, basi nitahesabu irabu. Mpango wake, tukiuandika kwa Kiswahili, ni huu:

weka jumla iwe 0
kwa kila herufi katika neno:
    ikiwa herufi ni a, e, i, o au u:
        ongeza 1 kwenye jumla
toa jumla

Tuujaribu. Kitabu ina irabu tatu na mizani tatu (ki-ta-bu). Shairi vivyo hivyo (sha-i-ri), na mwalimu pia (mwa-li-mu). Lakini mtoto ina irabu mbili ilhali mizani zake ni tatu (m-to-to), kwa kuwa m hapo ni silabi kamili. Nchi nayo ina irabu moja ilhali mizani zake ni mbili (n-chi). Mwanafunzi huyu amekosa mawili, na anapata 6 kati ya 10.

Mwanafunzi wa pili hahesabu chochote. Ameandika programu yenye mstari mmoja: lolote liwalo neno, toa 3. Kwa kitabu, shairi, mwalimu na mtoto, jibu lake ni sahihi. Amekosa nchi peke yake. Anapata 8 kati ya 10.

Aliyefikiri amepata 6. Aliyebahatisha amepata 8. Mashine haikufanya kosa lolote la hesabu. Kosa ni la aliyechagua majaribio: maneno manne kati ya matano yana mizani tatu. Laiti angechanganya maneno ya mizani moja, mbili, nne na tano, mbinu ya pili ingeanguka papo hapo. Tunajifunza kwamba majaribio ni sehemu ya swali, na yanastahili kutungwa kwa uangalifu ule ule wa kutunga swali.

Lipo tatizo zito zaidi. Tuseme mwalimu ameongeza neno la sita: mbuni. Ni mizani ngapi? Ikiwa ni yule ndege mkubwa asiyeruka, mizani ni mbili (mbu-ni), kwa kuwa m na b zimeungana, na wingi wake ni mbuni. Ikiwa ni mti uzaao buni, mizani ni tatu (m-bu-ni), kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli, na wingi wake ni mibuni. Ikiwa ni mtu anayebuni, mizani ni tatu vile vile, na wingi ni wabuni. Hali ni hiyo hiyo kwa kivumishi mbaya: katika "mtu mbaya" tuna m-ba-ya, na katika "nyumba mbaya" tuna mba-ya. Herufi ni zile zile, mizani ni tofauti, na kinachoamua ni maana na upatanisho wa kisarufi.

Mashine iliyopewa "mbuni = 2" itamkosoa mwanafunzi aliyejibu 3, ingawa amejibu kweli. Mwalimu asiyejua isimu ya Kiswahili hataona kasoro hiyo, na mwanafunzi anayeijua hatakuwa na mahali pa kuieleza ikiwa kanuni hazina nafasi ya rufaa. Hapa ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapohitajika katika maabara ya tarakilishi.

4.0 "Kazi yako mwenyewe": mpaka wa kusaidiana

Turejee kwenye neno lililozua mjadala. Kanuni ya kufanya kazi peke yako ina sababu nzuri. Uandishi wa programu ni stadi, na stadi haipatikani kwa kutazama. Anayenakili wiki ya pili atashindwa wiki ya sita, maana kila somo hujengwa juu ya lililotangulia. Waliosema mtegemea cha nduguye hufa maskini waliliona hilo mapema.

Hata hivyo, wahenga hao hao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja na ndugu zake, asiye na tarakilishi yake, anayeazima ya jirani au kulipia muda kwenye saiba, hana anasa ya upweke. Watatu huketi mbele ya kioo kimoja. Mmoja anaandika, mwingine anaelekeza, wa tatu anakosoa. Kwao kusoma ni kusoma pamoja. Kanuni isiyotambua hali hiyo humfanya kila maskini mshukiwa.

Programu za kugundua mfanano zinaongeza ugumu. Inayojulikana zaidi ni MOSS, iliyobuniwa mwaka 1994 na Alex Aiken. Haidanganywi na mtu aliyebadilisha majina tu, kwa kuwa hulinganisha muundo wa programu. Lakini nayo haitoi hukumu ya wizi. Huonyesha mahali palipofanana, na kuacha uamuzi kwa binadamu. Uamuzi huo unahitaji busara hasa kwa tamrini fupi. Mpango wetu wa kuhesabu irabu una mistari mitano. Wanafunzi kumi waliofundishwa na mwalimu mmoja, kila mmoja akiwa peke yake, wataandika karibu kitu kile kile. Washairi wawili wanaotumia vina vya -ni na -ka hawajaibiana. Mfanano ni sababu ya kuuliza swali, na haupaswi kugeuzwa hukumu kabla swali halijajibiwa.

Vyuo vingine vimejaribu kuuchora mpaka huu kwa maneno mengi zaidi. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, huorodhesha matendo yanayofaa na yasiyofaa. Tangu 2014 ina pia kifungu kinachomruhusu mwanafunzi aliyekiuka kanuni kujieleza mwenyewe ndani ya saa 72. Adhabu yake hubaki ndani ya kozi, wala hapelekwi mbele ya kamati ya nidhamu.

Kiswahili kina nyenzo yake ya kuuchora mpaka huo, nayo ni mnyambuliko wa vitenzi. Tutazame vitenzi viwili: kuelezana na kuandikiana. Katika kuelezana, kila mmoja anabaki na ufahamu, na kila mmoja ataandika kwa mkono wake. Katika kuandikiana, kiambishi cha kutendea kinaonyesha kwamba kazi ya mmoja imefanywa na mwingine kwa niaba yake. Hivyo mwalimu anaweza kusema kwa ufupi: "Elezaneni njia, msiandikiane programu." Ni kweli kwamba kuandikiana kwaweza pia kumaanisha kupelekeana barua, ndiyo sababu yambwa "programu" isiachwe. Kwa agizo hilo, wanafunzi wetu wawili wa Mbotela wangalijua mapema walikosimama.

Kuanzia mwisho wa 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma, mpaka huo umehitaji kuchorwa upya. Sasa mwandishi wa niaba anaweza kuwa mashine, na kazi yake hailazimiki kufanana na ya mwanafunzi mwingine yeyote. MOSS haina la kusema hapo. Dawa tunayoiona ni ya kale: malumbano. Mshairi wa malumbano hupimwa kwa uwezo wa kujibu papo kwa papo. Mwanafunzi naye aulizwe kwa dakika tano: mstari huu unafanya nini? Tukibadilisha neno liwe nchi, jibu litakuwa lipi, na kwa nini? Aliyeandika atajibu, na aliyeandikiwa atababaika, awe aliandikiwa na jirani au na mashine.

5.0 Makataa na lugha ya saa

Tuchukue agizo lionekanalo jepesi: "Wasilisha Ijumaa saa sita usiku." Msomaji mmoja ataelewa mwisho wa Ijumaa. Lakini katika mapokeo ya Waswahili siku huanza jua linapotua. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu au Mombasa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani ule ambao saa ya kizungu inauita Alhamisi. Pana tofauti ya saa 24 hapo, na kwa kozi inayokata alama kwa kila siku ya kuchelewa, tofauti hiyo ni pesa taslimu. Tena saa sita kamili usiku ndipo tarehe zinapobadilika. Haijulikani ni mwisho wa siku ipi. Lililo wazi ni hili: "Mwisho ni Ijumaa, saa 11 jioni." Makataa ya jioni yana faida nyingine pia: saiba huwa zingali wazi, na mwanafunzi halazimiki kutembea usiku.

6.0 Kielelezo cha kanuni kwa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kuhusu istilahi, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha mwaka 2004, kwa kutoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, kwamba lugha hii inaweza kubeba tarakilishi. Hatudai kwamba kozi nzima ifundishwe kwa Kiswahili kesho. Tunapendekeza kwamba kanuni zitolewe kwa lugha zote mbili, na zile za Kiswahili zifanane na hizi:

1. Tamrini hii ina alama 20: usahihi 10, usanifu 4, usomekaji 3, utetezi wa mdomo 3.
2. Majaribio ya usahihi ni kumi. Manne yametolewa pamoja na swali. Sita yatatolewa baada ya makataa.
3. Mnaruhusiwa kuelezana njia kwa maneno au kwa michoro. Ni marufuku kuandikiana programu, au kupokea iliyoandikwa na mtu au mashine.
4. Aliyesaidiwa sharti ataje juu ya kazi yake alisaidiwa na nani na kwa jambo gani. Kutaja hakupunguzi alama.
5. Wanaotumia tarakilishi moja waandike hivyo. Kila mmoja atatetea kazi yake peke yake.
6. Kazi ikifanana na nyingine, wahusika wataitwa na kusikilizwa kabla ya alama yoyote kuondolewa.
7. Anayeamini kwamba jaribio lina kosa ana siku saba za kuandika hoja yake. Jaribio likionekana lina kosa, alama zitarekebishwa kwa darasa zima.

Tuangalie uchaguzi wa maneno. "Mnaruhusiwa", "sharti" na "ni marufuku" zina uzito tofauti, na hakuna mahali tulipotumia "mnaweza", neno linaloyumba kati ya uwezo na ruhusa. Kanuni ya nne inaondoa aibu ya kusaidiwa, na hivyo kuondoa sababu ya kuficha. Kanuni ya saba ingemwokoa yule aliyejibu 3 kwa neno mbuni.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kanuni za tamrini ni matini inayostahili uhakiki. Tumeona mashine ikimtuza aliyebahatisha kwa 8 na aliyefikiri kwa 6, neno moja likiwa na mizani mbili au tatu kulingana na maana, na mfanano ukichukuliwa kuwa wizi kabla ya swali kuulizwa. Katika kila hali, tiba ilipatikana katika lugha: majaribio yaliyotungwa vyema, kitenzi kilichonyambuliwa barabara, saa iliyotajwa bila utata. Walimu wa tarakilishi na wa Kiswahili mara nyingi huwafundisha wanafunzi wale wale. Ingefaa waketi pamoja angalau mara moja kabla ya muhula kuanza, karatasi ya maagizo ikiwa mezani.

Maswali ya kujadili

1. Tunga orodha ya maneno kumi ya majaribio kwa tamrini ya mizani, ambayo programu inayotoa jibu moja daima haiwezi kupata zaidi ya alama tatu kati ya kumi.
2. Maneno mvua na mvuvi huanza kwa mv-. Yana mizani ngapi kila moja, na ni kanuni gani ungempa mwandishi wa programu ili ayatofautishe?
3. "Shirikianeni, lakini kila mmoja awasilishe kazi yake." Jadili utata wa agizo hili, kisha uliandike upya.